Kwa Nini Nilimvika Kapteni Sigei Nguo Zile

Chemutai,

Umejifungia chumbani na sikulaumu. Baba yako alikuletea chakula mlangoni ukamjibu yeye. Mimi hukunijibu. Kesho mjomba wako atakuja na gari kukupeleka Nairobi kwenye chuo cha urubani, na najua utanikumbatia kwa sababu watu watakuwa wanatuangalia, kisha utaingia garini. Ndiyo maana naandika. Masweta umeshapakia. Mambo ya kula, kulala na kuosha nguo utayapanga mwenyewe, hujawahi kunisumbua katika hayo. Ninachotaka ni kukueleza yale uliyoyaona leo uwanjani kwetu, kwa sababu uliona nusu tu.

Uliona mama yako akimwaibisha mgeni wa heshima katika sherehe ya kukuaga. Mzee wa kanisa, rubani ambaye Kipkelion nzima inamjua, mtu aliyepiga simu chuoni kukusemea, alikuwa anayumba juani na mimi nimesimama kando yake na maiki mkononi. Jioni ukaona nimepanda gari lake tukaondoka wawili, nikakuachia wageni ambao sikuwa nimewaaga na masufuria ambayo hayajaoshwa. Uliniuliza, "Mama, Kapteni amekukosea nini?" Nikakwambia nitakueleza.

Kwanza ujue kwamba sikuteleza. Nilipanga. Nilianza kupanga siku ile wajomba zako walipoamua kwamba Kapteni Sigei ndiye atakayesimama kukupa neno la mwisho.

Unajua kwamba nilikuwa rubani wa helikopta, na kwamba niliacha baada ya ajali iliyonivunja nyonga. Unajua pia kuwa mwenzangu Odhiambo alikufa katika ajali hiyo. Hayo ndiyo niliyokupa ulipokuwa mdogo, na ulipokua sikuongeza kitu.

Odhiambo alizaliwa Kericho, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Watu wao walitoka magharibi, upande wa ziwa kubwa. Baba yake, Mzee Ouma, alikuwa mtu wa boila kiwandani, yule anayelisha kuni ule moto unaokausha majani. Odhiambo akiwa mtoto ndiye aliyempelekea chakula cha mchana, na alikuwa akiniambia kwamba hakuna joto litakalomtisha maana alilijua la boila. Lakini siku moja tukiwa kaskazini, tumeketi chini ya bawa la ndege ya mizigo tukitafuta kivuli, aliniambia, "Unajua tofauti? Joto la baba lilikuwa na mlango. Akizidiwa, anatoka nje, anamwaga maji kichwani, anarudi. Sisi letu tumelivaa."

Hilo neno nalikumbuka kwa sauti yake.

Kampuni yetu ilikuwa na kambi huko kaskazini, karibu na lile ziwa lililozungukwa na mawe meusi. Tulivusha dawa, unga na wauguzi hadi vijiji vya ng'ambo. Kapteni Sigei alikuwa mkuu wa marubani. Yeye ndiye aliyepanga nani aende wapi, na neno lake lilikuwa sheria.

Nguo zile za urubani wewe pia utazivaa, kwa hiyo nikueleze. Kuna ovaroli ya kitambaa kizito kisichoshika moto, inayofunga kutoka kifundo cha mguu hadi shingoni. Kuna glavu na buti. Juu ya hapo, kwa sababu tulipita juu ya maji, tulivaa jaketi ya kuelea. Na kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakirusha risasi kuelekea angani, tulivaa fulana ya kuzuia risasi, ambayo ni kama kubeba mawe kifuani na mgongoni. Kichwani kofia ngumu. Kila kimoja kina sababu nzuri na siwezi kukuambia usikivae. Wapo watu walio hai leo kwa sababu walivivaa. Ila mtu aliyeamua tuvae vyote kwa pamoja, mchana kutwa, mahali kama pale, hakukaa hata mara moja ndani yake wakati wa jua kali.

Na ile helikopta mbele ni kioo kitupu. Jua linaingia halitoki. Kipoza hewa kilikuwa kimeng'olewa ili ibebe mzigo zaidi. Tukiwa angani kulikuwa na kaupepo kidogo kutoka tundu la pembeni, lakini chini, injini ikiwaka na milango imefungwa kwa ajili ya vumbi, tulikaa tu tukaiva.

Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza linapokauka. Ndani ya nguo zile halikauki, linateremka mpaka kwenye buti. Na kwa kuwa hakuna namna ya kwenda haja mkiwa safarini, mnakunywa maji kidogo makusudi. Sasa sikiliza, hapa ndipo nilipokosea, na niliendelea kukosea kwa muda mrefu. Nilidhani joto likitaka kunidhuru litaniumiza kwanza. Nitasikia maumivu, nitajua nimefika mwisho. Haliji hivyo. Linaanza kwa kukuibia vitu vidogo. Unaangalia kipimo cha mwinuko na unasahau kwamba umekiangalia. Unaambiwa jambo redioni na unalirudia vizuri kabisa, lakini haliingii. Macho yanaganda mahali pamoja. Mkono wenye glavu unagusa swichi ya jirani. Na muda huo wote, ukiulizwa, unajibu kwamba uko sawa, na husemi uongo. Unajisikia sawa. Yule wa kukuambia kwamba umeharibika ndiye ameharibika wa kwanza.

Nami nimelelewa kwamba mtu ni yule asiyekunja uso. Unajua kwetu vijana wanavyofundishwa jandoni, na wasichana wa rika langu hatukuachwa nyuma. Niliingia katika kazi ile na kiburi hicho. Mwanamke peke yangu kambini, nilikuwa tayari kuanguka kabla ya kusema nasikia joto. Nilidhani huo ni ujasiri.

Siku ya ajali tulikuwa tumevuka ziwa mara kadhaa tangu asubuhi. Mchana tukatua mahali fulani kuchukua mzigo na mzigo ukachelewa. Hatukuzima injini, ndiyo ilikuwa amri. Tukakaa juani tukiwa tumejifunga mikanda na nguo zote mwilini. Odhiambo, ambaye alikuwa kiongozi wa safari, akamwita Kapteni Sigei redioni.

"Kapteni, tumechemka," alisema. "Tupe ruhusa tuzime, tuvue hizi fulana, tupumzike. Mzigo tutauleta jioni jua likishuka."

Kapteni alikuwa ofisini. Nilisikia feni yake ikizunguka nyuma ya sauti yake.

"Hapo si jikoni kwa mama yenu," alijibu. "Pakieni mruke."

Odhiambo alinitazama. Kioo cha kofia yake kilikuwa kimefunikwa na unyevu na sikuyaona macho. Akauliza, "Wewe uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Naye akasema yuko sawa. Tukaruka.

Angani alianza kurudia. Aliita kituo, akajibiwa, baada ya muda mfupi akaita tena kwa maneno yale yale kana kwamba hajajibiwa. Nilisikia. Nilijua si kawaida yake, na ile fikra ikanipita kama mtu anayepita nje ya dirisha. Tulipofika kijijini kulikuwa na moto wa takataka kando ya uwanja na moshi wake ulikuwa unalala kuelekea mbele yetu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua kwamba upepo unatupiga mgongoni, na kwamba helikopta nzito, katika hewa ya moto ambayo ni nyepesi na haibebi vizuri, haifai kushuka ikiwa imeupa upepo mgongo. Inatakiwa izunguke iingie upande wa pili. Niliuona moshi, Chemutai. Niliutazama kwa makini kabisa. Haukuniambia kitu.

Nilipofungua mdomo tayari tulikuwa tunashuka kwa kasi na hakuna nguvu iliyobaki ya kutushika. Tuligonga, tukalala ubavu. Upande uliokuwa chini ulikuwa wake.

Watu wa uchunguzi walinikuta hospitalini. Mmoja wao, mtu mpole, aliniuliza kama tulijisikia wagonjwa au dhaifu kabla ya kutua. Nikasema hapana, tulijisikia vizuri. Ndivyo nilivyokumbuka na ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikaeleza juu ya redio, kwamba Odhiambo aliomba kupumzika. Kapteni Sigei akaulizwa. Akasema hakumbuki mazungumzo kama hayo, na kwamba mimi niligonga kichwa. Neno langu moja, kwamba tulijisikia vizuri, ndilo alilolichukua na kulitembeza. Marubani wenyewe wamesema walikuwa wazima, sasa joto linatoka wapi?

Nilikwenda mazishini kwa magongo. Mzee Ouma alikuwa amestaafu na kununua kashamba Koru, huku chini yetu, na mwanawe alizikwa hapo. Kapteni Sigei alikuja na marubani wengine wamevaa sare. Akasimama mbele ya jeneza, mbele ya baba na mama, mbele ya kijiji, akasema kwamba Odhiambo alikuwa kijana mwema lakini alifanya kosa la mwanafunzi, alishuka na upepo mgongoni, na tujifunze kutokana na uzembe wake. Alisema uzembe. Mama yake Odhiambo hakuelewa Kiswahili cha urubani lakini neno hilo alilielewa. Nilimwona akimgeukia mumewe kumuuliza kama amesikia sawasawa.

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia mtu yule, na sijaacha.

Nilijaribu njia nyingi za kijinga. Nilikwenda ofisini kwake nikamtukana mbele ya makarani, na kila mtu akasema maskini, kile kichwa. Nilizunguka kwa wakubwa, na wakubwa walikuwa rafiki zake. Mwisho nilichoka, nikarudi hapa nyumbani, nikalima miwa na baba yako, nikakulea. Kisha Kapteni naye akastaafu, akajenga ile nyumba ya mawe huko juu penye chai yake, akawa mzee wa kanisa. Kila Jumapili nimekaa nyuma yake nikitazama kisogo chake. Watu wakidhani nasali.

Ukawa msichana mkubwa ukaanza kupenda helikopta. Ulimfuata baada ya ibada ukimuuliza maswali, naye akakupenda, hilo siwezi kulikana. Alikupa vitabu vyake. Alikuita rubani kabla mtu yeyote hajakuita hivyo. Nami nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa unamhitaji. Nilijiambia kwamba simba akikuvushia mtoto wako mto usimuulize amekula nini jana. Huo ni ujinga mwingine wa kwangu, na huu ndio unaoniuma, maana nilikuacha ujifunze kwa mtu yule bila kukuambia.

Wiki iliyopita alikuja kupanga sherehe. Tulikuwa tumekaa nje, nimempa chai. Akaniambia, "Mama Chemutai, usiwe na wasiwasi. Huyu msichana nitawaambia wamkomaze. Vijana wa siku hizi, joto kidogo tu wanalalamika."

Alisema vile akinitazama usoni, akikoroga chai. Alikuwa amesahau. Nilidhani labda amelificha moyoni miaka yote hii, kumbe amesahau kabisa.

Nguo zangu za kazi zilikuwa kwenye sanduku la bati, chini ya blanketi. Kampuni haikuzidai. Nilizitoa, nikazianika, nikapaka zipu mafuta. Vijana wa kanisa niliwaambia itakuwa vizuri wageni wamwone Kapteni katika mavazi ya urubani, wapige naye picha. Hawakuhitaji kusukumwa. Mwenye kuongoza programu nilimwambia Kapteni avae mapema, kwaya ikiimba, na azungumze mwisho, baada ya wajomba na baada ya mheshimiwa wa wadi. Unajua mheshimiwa anavyoongea. Spika nilisema ziwekwe nje ya tenti ili sauti isipasuke, na maiki ina waya mfupi, hivyo msemaji husimama juani. Kabla ya kuvaa nilimpelekea chai ya moto na tangawizi. Meza yake sikuiwekea maji.

Tumbo lake lilipata shida na zipu, lakini alifurahi. Ulipiga naye picha ya kwanza. Ulikuwa unacheka.

Unalijua jua la Februari huku chini. Wageni waliotoka Kericho na Litein, waliozoea baridi ya huko juu penye chai, walikuwa wanajipepea na karatasi za programu hata ndani ya tenti. Yeye alikaa ukingoni, juani nusu, amevaa ovaroli, jaketi, fulana, glavu na kofia kichwani, akimsikiliza mheshimiwa kwa adabu. Mimi nilikuwa karibu na wapishi. Sikumwondolea macho.

Aliposimama alianza vizuri. Alieleza safari ya kuvuka ziwa usiku, ile unayoipenda. Watu walipiga makofi. Halafu akaieleza tena. Uliniangalia, nikajua umeona. Alikuita Chebet. Baba yako, anayefundisha Kabianga, akamwita mwalimu wa Kabarnet. Kijana aliyekuwa anashika waya alisogea kidogo, naye akamfokea kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hasemi. Kisha akaitoa ile saa aliyokununulia. Alijaribu kukufungia mkononi akiwa na glavu na ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Kila mara alipokutafuta ilibidi ageuke mwili mzima, maana fulana ile hairuhusu shingo. Watu walianza kucheka, kwa upole, wakidhani ni uzee.

Nikaenda nikachukua maiki.

"Kapteni," nikasema, "unajisikiaje?"

"Niko sawa kabisa," akasema.

"Basi tufundishe kidogo kabla hujakaa. Ungekuwa unatua hapa kwenye huu uwanja, upepo unatoka wapi?"

Moshi wa jikoni ulikuwa umelala wazi kabisa kuelekea kwenye miwa. Aliutazama muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono kwenye miwa.

"Kule," akasema.

Mtoto mmoja mbele akasema hapana, kule ndiko unakokwenda. Watu wakacheka tena. Ni hapo niliposema yale uliyoyasikia, kwamba alikuwepo rubani aliyekosea hivyo hivyo akiwa na nguo hizo hizo, baada ya kuomba avue akanyimwa, na aliyemnyima alisimama kaburini kwake akamwita mzembe. Sikutaja majina. Kicheko kikafa. Kapteni alikuwa ananitazama, na niliona likimrudia. Polepole, kama maji yanavyopanda kwenye mtungi. Akaanza kuyumba.

Nami sikumshika. Hili nataka ulijue kutoka kwangu kabla hujaambiwa na shangazi zako. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa na nilisimama tu. Nilikuwa nahesabu ndani yangu ni kiasi gani bado, na nilikuwa nafurahi. Baba yako ndiye aliyepita mbele yangu na jagi la maji bila kunitazama, akamvua kofia, akammwagia kichwani, akamwongoza nyuma ya nyumba. Kama baba yako asingekuwepo sijui ningesimama mpaka lini. Nimejiuliza tangu mchana na sipati jibu ambalo lingekufurahisha.

Nyuma ya nyumba tulimlaza kivulini, tukamvua. Ovaroli ilikuwa imelowa hadi magotini. Baba yako alikwenda kuongeza maji tukabaki wawili.

"Ulitaka kuniua," akasema.

"Nilitaka ujue."

Wapishi walikuwa wanasugua masufuria, kwaya imeanza tena ili kufunika aibu. Nilidhani amesinzia. Kisha akauliza, "Yule mzee bado yuko hai?"

"Yuko Koru."

"Nipeleke."

"Gari ni lako," nikamwambia. "Endesha mwenyewe ukipata nguvu. Mimi nitakuonyesha njia."

Ndipo ulipotuona tukiondoka.

Mzee Ouma hatembei vizuri siku hizi. Alikuwa ameketi nje ya mlango, mkewe kando yake anachambua mboga. Mimi huwa nakwenda pale, wananiita nyathina, mwanangu kwa lugha yao. Huyo mwingine hawakumtambua mpaka alipojitaja. Kapteni akabaki amesimama, hakuna aliyempa kiti, akaanza kusema kwamba amekuja kuhusu ile ajali.

"Ngoja," Mzee Ouma akasema. Akamtuma mjukuu kwa majirani. Wakafika wanawake na wanaume, wengine na majembe yao kutoka shambani. "Ulisema mbele ya watu," mzee akamwambia Kapteni. "Haya, watu ndio hawa."

Kapteni akasema kwamba Odhiambo hakuwa mzembe. Kwamba alikuwa amechemka pamoja na mwenzake, akaomba redioni kupumzika, na yeye akamkatalia, halafu akakana.

Sijui kama nilitegemea aseme. Mzee alimsikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Aliomba kwa maneno gani?" akauliza. "Nataka maneno yake."

"Alisema, 'Kapteni, tumechemka. Tupe ruhusa tuzime, tupumzike.'"

Alikumbuka. Miaka yote ile alikumbuka kila neno, au nguo zile zilimrudishia, sijui.

"Na wewe ukamjibu vipi?"

Kapteni akanitazama. Sikumsaidia.

"Nilimwambia, hapo si jikoni kwa mama yenu."

Mkewe Mzee Ouma alikuwa bado ana mboga mapajani. Akaziweka chini kwenye ungo. "Mama ni mimi," akasema. "Jikoni kwangu angepata maji." Kisha akainuka akaingia ndani.

Hakurudi. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Hatukupewa chai, na wewe unajua katika nchi hii ya chai maana ya kutoka katika boma la mtu bila kupewa hata kikombe. Kapteni alinyoosha mkono kumuaga mzee, na mzee akautazama mkono ule mpaka ukarudi wenyewe.

Njiani tukavuka reli. Akaniuliza, "Sasa umeridhika?"

Nikajichunguza kabla ya kujibu, kwa sababu nilitamani kujibu ndiyo. Nikamwambia, "Bado."

Akatikisa kichwa kana kwamba alitegemea hivyo. Aliponishusha langoni akasema nikuambie kwamba neno alilokusemea chuoni hatalirudisha nyuma. Mimi sikuwa nimemwomba. Kama angelirudisha, ungekwenda tu. Mitihani uliifanya kwa kichwa chako.

Sikuandikii ili umchukie. Chuki yangu ni kazi yangu na nimeizoea. Vitabu alivyokupa ni vizuri, vibebe. Unaweza kumpigia simu kesho ukamjulia hali, sitakuuliza. Najua nimeichafua siku yako ambayo hairudi, na kwa hilo, wewe peke yako, nakuomba unisamehe. Kwake siombi.

Ila kuna jambo moja ambalo huko hawatakufundisha kwa uzito wake. Watakupa nguo nzuri kuliko zetu, na watakuambia kuna kipoza hewa, na siku moja kitaharibika mahali penye jua na mtu aliye ofisini atasema rukeni. Siku hiyo usijiulize kama unajisikia vizuri. Hilo swali halina maana tena. Muulize mwenzako hesabu ndogo. Muulize upepo unatoka wapi, na yeye akuulize. Mkikosea mmoja wenu, zimeni, vueni, kaeni chini, na huyo wa ofisini aje awafukuze kazi kwa miguu yake. Na kama tayari mko angani ukamsikia anarudia neno alilokwisha kulisema, usingoje heshima, usiangalie cheo chake. Shika usukani kwanza, mwambie baadaye. Atakasirika. Mwache akasirike, arudi kwao, awasimulie jinsi ulivyomkosea adabu, wakimpakulia chakula.

Mama yako